Kwa nini kambini kwetu Free Fire hapana, lakini basi la mkoani ruksa

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi huanza kutuuliza maswali mawili yanayopingana. Mmoja anaandika: "Mwanangu ana miaka tisa, nyumbani anacheza Free Fire, ile gemu ya bunduki, kwenye simu ya kaka yake na hakuna shida. Kwenu mbona mmeikataza?" Mwingine anakuja juu: "Hivi nilipie kambi ya teknolojia, halafu mtoto ashinde anacheza magemu?" Wote wana haki ya kujibiwa, na jibu lenyewe haliingii kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp.

Tuanze na zile alama za umri kwenye kasha la gemu. Marekani kuna bodi ya ESRB, iliyoanzishwa 1994, inayotumia herufi: E ni kwa kila mtu, T ni kuanzia miaka 13, M ni kuanzia 17. Ulaya wana PEGI tangu 2003, na wao wanaandika namba: 3, 7, 12, 16 na 18. Tunaziheshimu alama hizi. GTA V, gemu ya uhalifu, ina M Marekani na 18 Ulaya, kwa hiyo kwetu haina mjadala, hata mtoto aje na barua ya baba yake. Shida ni kwamba mzazi wa Dar es Salaam mara nyingi halioni hilo kasha. Gemu imeletwa kwenye flashi, au fundi kaipakia siku mashine inanunuliwa, au mtoto kaikuta kwenye kibanda cha pleisteshen anakolipia kwa mechi. GTA San Andreas ilitoka 2004 na hadi leo inachezwa na watoto waliozaliwa miaka kumi baadaye, bila yeyote nyumbani kuwahi kuona alama yake.

Na hata ukiiona, ile namba inakueleza kilichomo ndani tu: damu, matusi, ngono, vitisho. Haikuambii kama gemu ni rahisi au ngumu. FIFA 23, gemu ya mpira, ilipewa 3 na PEGI, lakini mpe mtoto wa miaka mitatu zile pedi uone kama atatoa pasi hata moja. Ndani ya FIFA hiyo hiyo kuna sehemu ya Ultimate Team, ambako unanunua pakiti ya wachezaji bila kujua utamkuta nani. Tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba maboksi ya bahati ya namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA, kampuni yenye gemu hiyo, ikaacha kuuza pointi zake za FIFA nchini humo. Mzazi aliyewahi kuweka mkeka ataelewa mtego huu bila kuelezwa mara mbili. Kambini mpira unachezwa, tena sana, ila ni mechi ya kawaida ya watu wawili waliokaa kiti kwa kiti. Ultimate Team haifunguliwi.

Kwa hiyo kabla gemu haijaingia kwenye mashine zetu, tunajiuliza mambo ambayo alama ya kasha haiyajibu. Nani yuko upande wa pili? Hela inaingilia wapi? Mchezo unaishaje? Na mtoto akishamaliza kucheza, kuna kitu anaweza kukitengeneza kutokana nao?

Free Fire inakwama kwenye maswali mawili ya kwanza. Imeenea kwa sababu ni nyepesi na inakubali hata kwenye simu ya bei ndogo, hilo hatuilaumu. Bunduki zake pia si hoja yetu kuu. Hoja ni kwamba mtoto anaingia kwenye kikosi cha watu wanne, watatu hawajui, na maiki imewashwa. Anasikia kila wanachosema na wao wanamsikia yeye, wakati msimamizi aliyesimama nyuma yake hasikii kitu kwa sababu sauti iko kwenye hedifoni. Juu yake kuna almasi zinazonunuliwa kwa hela halisi, na asiyekuwa na nguo za almasi anaitwa majina. Nyumbani, wewe mzazi unaweza kuzima maiki na kukaa naye. Sisi tukiwa na chumba kizima cha watoto hatuwezi kumsikilizia kila mmoja, na hatutajifanya tunaweza.

Roblox ni kesi tofauti kidogo, maana wazazi wengi wanadhani ni gemu moja. Ni soko la magemu mengi mno yanayotengenezwa na watumiaji wenyewe, na lililo jirani na gemu la kulea paka linaweza kuwa kitu ambacho usingependa mwanao akione. Hatuifungui kabisa kwa walio chini ya miaka 13.

Sasa tuje kwenye basi. Mzazi mwenye kijana wa miaka kumi hivi anaijua Bus Simulator Indonesia, hata kama hajui jina lake. Ni ile ambayo mtoto anaendesha basi, anapiga honi, na anabishana na wenzake kuhusu rangi za mabasi ya mikoani. Gemu hii inamruhusu mchezaji kuweka michoro yake kwenye bodi la basi, na hapo ndipo tulipoipenda. Watoto wa miaka 10 hadi 13 wanacheza raundi chache, kisha wanahamia kwenye kompyuta kuchora basi lao. Picha yenyewe inakuwa kama boksi lililofunguliwa likalazwa chini: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mbele, nyuma, vyote kwenye karatasi moja. Mtoto anachora mstari mwekundu unaopita ubavuni hadi nyuma, anaupeleka kwenye gemu, anakuta mstari wa ubavuni uko juu na wa nyuma uko chini, havikutani pale kwenye kona. Hapo hakuna mwalimu anayehitaji kusema "leo tunajifunza vipimo". Anarudi mwenyewe kuhesabu pikseli, zile nukta ndogo za picha. Wapo wanaokaa kwenye kona hiyo asubuhi nzima, na wakifika jioni hawajaligusa tena basi lenyewe kuliendesha.

Tahadhari moja kwa mzazi anayetaka kuifanya nyumbani: mabasi ya kuongezea na michoro yanapatikana kwenye kurasa nyingi zisizoaminika, zimejaa matangazo na vitufe vya uongo vya kupakua. Pakua wewe, usimwachie mtoto. Kwetu mafaili yanapakuliwa na kukaguliwa kabla ya kambi, na tableti zinakaa bila intaneti, jambo ambalo pia linazima uchezaji wa pamoja mtandaoni.

Kazi nyingine tunayoipenda kwa umri huo inaanzia uwanjani, bila skrini. Watoto wanacheza rede kwanza. Kisha wanakaa chini na kuandika kanuni zake kwenye karatasi, na hapo ugomvi unaanza: mpira ukigusa nguo umekufa au hujafa? Ukidaka je? Kompyuta haikubali "inategemea", kwa hiyo lazima waafikiane. Baada ya hapo wanaitengeneza kwa Scratch, programu ya bure ya kutengenezea magemu na katuni iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 ikilenga watoto wa miaka 8 hadi 16. Inafanya kazi bila intaneti na inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Jukwaa lake lina katikati yenye sifuri, kulia unafika 240 na kushoto hasi 240. Mtoto anayetaka mpira wake uende kwa mrushaji wa kushoto analazimika kuandika hasi 200, hata kama darasani namba hasi bado hawajazifikia. Hatujawahi kupata njia nzuri zaidi ya kuzifundisha.

Wadogo wa miaka mitano hadi saba wanatumia ScratchJr, Scratch ya wadogo, kwenye tableti. Vitalu vyake vina picha badala ya maneno, kwa hiyo asiyejua kusoma habaki nyuma. Walio chini ya miaka mitano hatuwapokei, hata mzazi akibembeleza vipi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja ya skrini kwa siku, na mchana mmoja kambini ungeimaliza saa hiyo mapema mno.

Minecraft, gemu ya kujenga kwa vitalu, inaruhusiwa kuanzia miaka saba, ikiwa kwenye hali ya ubunifu, yaani ya kujenga tu, na ndani ya mtandao wa chumba chetu tu. Kanuni ni moja: hubomoi ulichokikuta kimejengwa na mwenzio. Akibomoa, anajenga upya mbele ya mwenye nyumba. Machozi mengi ya kambi hutokea hapo, si kwenye mechi za mpira.

Kwa vijana wa 13 hadi 16 tunapunguza kucheza na kuongeza kutengeneza. Wanatumia Godot, injini ya bure ya kutengenezea magemu isiyohitaji mashine kali sana, na tunatarajia kila kikundi kitoke na kitu kinachofunguka na kuchezeka, hata kama ni kibaya. Umri huu una changamoto yake: kijana wa miaka 15 ukimweka meza moja na wa 11, kesho haji. Tunawatenganisha hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mama unayeomba "wakae pamoja, mkubwa amwangalie mdogo", tuvumilie. Mdogo tutamwangalia sisi.

Kuhusu muda. Ugomvi mwingi wa "zima hiyo gemu sasa hivi" unatokana na gemu isiyo na mahali pa kusimama. Mtoto aliye katikati ya mechi akizimiwa anapoteza alichokipigania, na hasira yake ina sababu. Ndiyo maana tunapendelea mashindano ya magari ya Mario Kart, ambako mbio moja huchukua dakika chache, au mpira wenye vipindi vifupi vilivyopangwa. Tunasema "mechi mbili zimebaki", hatusemi "dakika kumi". Jaribuni nyumbani.

Wapo wazazi wanaotuletea mtoto wakisema tayari ana uraibu. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa uchezaji gemu katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, lakini linazungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia, anayeweka gemu mbele ya kila kitu, na maisha yake yanaharibika, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Mtoto anayenuna ukimnyang'anya simu hajafika huko. Aliyeacha kula na shule imemshinda anahitaji daktari kwanza, kambi baadaye, na tutakuambia hivyo kabla hatujapokea ada yako.

Fomu ya kujiandikisha ina mambo ambayo wengine huyaruka, tafadhali msiyaruke. Tunauliza kama mtoto ana kifafa au amewahi kuanguka akiangalia mwanga unaomulikamulika, maana baadhi ya magemu yana mimuliko hiyo na tutayatoa kwenye mashine yake. Tunauliza kama anasoma Kiswahili vizuri, Kiingereza, au bado, kwa sababu watoto wawili wa miaka tisa wanaweza kuhitaji meza mbili tofauti. Tunaomba pia idhini yako kabla ya kumpiga picha. Akaunti nyingi za mtandaoni zinataka mtu awe na miaka 13, kutokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayolinda taarifa za watoto walio chini ya umri huo, na watoto wengi hudanganya mwaka wa kuzaliwa ili wapite. Kambini hawafungui akaunti yoyote. Wanaingia kwa majina ya mashine, na kazi zao wanaondoka nazo kwenye flashi mtakayowapa.

Orodha kamili ya magemu ya msimu huu imebandikwa mapokezi, pamoja na tuliyoyakataa na sababu zake. Njoo na maswali siku ya kujiandikisha, na mtoto mje naye, kwa sababu mara nyingi ndiye anayejua gemu fulani lina maiki iliyojificha wapi.