YAH: Kuuziwa vitabu visivyofaa mtihani wa leseni ya urubani ya Kenya

Kwa Meneja wa Mauzo,

Mimi ni mwanafunzi wa urubani hapa Malindi, na nawaandikia kulalamikia seti ya vitabu vitano vya nadharia niliyoinunua kwenu ili kujiandaa kwa mtihani wa leseni ya rubani binafsi. Kabla ya kulipa nilipiga simu nikauliza waziwazi kama vitabu hivyo vinafuata mtaala wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na mhudumu wenu akanihakikishia kwamba vinafuata.

Havifuati. Kitabu cha sheria za anga ni cha Marekani mwanzo hadi mwisho, wala hakuna ukurasa hata mmoja unaotaja Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013. Jaladani mmebandika kibandiko chenye bendera ya Kenya. Kilipobanduka pembeni kwa jasho la mkono, nikaona chini yake imechapishwa bendera ya Marekani. Altimita nayo, yaani kifaa kinachoonyesha kimo cha ndege kwa kupima mgandamizo wa hewa, inafundishwa kwa inchi za zebaki, ambapo kipimo sanifu cha usawa wa bahari ni 29.92, ilhali huku mgandamizo wa hewa hutolewa kwa hektopaskali, na kipimo hicho hicho huwa 1013.25.

Lililoniumiza zaidi ni sura ya dira. Kwa wiki mbili nilikariri kwamba ndege inayoelekea mashariki ikiongeza mwendo, dira huonyesha kana kwamba inageukia kaskazini. Mkufunzi wangu alilikata jibu hilo kwa kalamu nyekundu, akaandika kando: "Hiyo ni ya kizio cha kaskazini." Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, ambako kosa hilo la dira ni dogo lakini huelekea kusini, na mtihani haumhurumii aliyekariri kinyume.

Sisemi kwamba seti nzima haina maana. Kitabu cha kanuni za kuruka ni kizuri sana, kwa kuwa hewa huinua bawa kwa namna moja kila mahali, nami niko radhi kubaki nacho na kukilipia.

Fedha hizo nilizidunduliza mwaka mzima nikibeba mizigo ya wageni. Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 14, mvichukue vitabu vinne vilivyobaki, mnirudishie thamani yake pamoja na gharama ya kifurushi kutoka Mombasa, na mviondoe vibandiko hivyo kwenye nakala mlizonazo dukani kabla hamjamuuzia mwanafunzi mwingine. Nimeambatisha nakala ya risiti na picha ya jalada.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Malindi