Mwanasheria hahitaji kuongezewa "wa kike"

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu desturi inayozidi kuota mizizi katika habari zetu, ya kuandika "mwanasheria wa kike" au "mwanajeshi wa kike" hata pale ambapo jinsia ya mhusika haina uzito wowote katika habari yenyewe, ilhali mwenzake wa kiume huitwa mwanasheria tu. "Mwana" katika maneno haya si mtoto wa kiume. Ni mtu aliye wa fani au kundi fulani, na ndiye huyo huyo anayetangulia katika "mwanamke" na "mwanamume". Viambishi vyetu navyo havibagui: "mwanasheria amewasilisha hoja" hutosha kwa yeyote. Rais Samia Suluhu Hassan alipochaguliwa kuongoza CCM mwaka 2021, cheo cha Mwenyekiti hakikuhitaji marekebisho yoyote.

Jinsia inapokuwa ndiyo habari, kama Martha Koome alipokuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa Jaji Mkuu wa Kenya, itajwe wazi. Kwingineko humfanya mwanamke aonekane mgeni katika kazi aliyoisomea, nami nawasihi wahariri wayafute maneno hayo kabla gazeti halijakwenda mtamboni.

Msomaji wenu,
Morogoro