Kifafa kina dawa, tusiwafiche wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kifafa, ugonjwa ulio sehemu kubwa ya kazi ya idara za ubongo na mishipa ya fahamu, lakini ambao vijijini kwetu Dodoma bado wapo wanaouficha kwa kudhani kuwa ni mapepo au kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Haliambukizi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka tena wakipata matibabu sahihi.

Kwa wilaya kama Kongwa na Mpwapwa, ambako wapo nguruwe wanaoachwa wakizurura, liko jambo jingine: mayai ya tegu wa nguruwe, yatokayo katika kinyesi cha binadamu, yakimezwa kwa maji au mboga chafu, mabuu yake huweza kufika kwenye ubongo na kusababisha kifafa hata kwa mtu asiyekula kitimoto. Choo bora, kwa hiyo, ni kinga ya ubongo, na ningependa kusikia maofisa afya wakilisema hilo waziwazi.

Naiomba Serikali ihakikishe fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa, haikosekani katika zahanati, kwani mgonjwa akiacha dawa ghafla huweza kushikwa na degedege lisilokoma, ambalo huua.

Msomaji,
Dodoma