Risala ya Kamati ya Wazazi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kutuza Wanafunzi, Mombasa

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, masheikh wetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa, karibu Mvita, na karibu shuleni kwetu. Tunajua shughuli zako zilivyo nyingi, na kufika kwako leo, ukiwa umechelewa kidogo tu, ni heshima ambayo wazazi wa hapa hawataisahau.

Historia yetu haitakupotezea wakati. Shule hii ilianza kabla ya uhuru kama chuo cha Qur'ani kwenye baraza ya msikiti. Ikapata ruzuku, ikapata madarasa ya mawe, ikawa shule ya umma.

Mafanikio ni makubwa. Mwaka jana wanafunzi wetu walishika nafasi ya pili katika mashindano ya kusoma Qur'ani ya mtaa huu, siku ambayo mvua ilizizuia shule nyingi kufika. Vyoo vya wavulana vimepakwa rangi. Uwanja umetiwa saruji nusu, na nusu ya pili imo katika mipango. Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani ni karani katika mahakama ya Kadhi, na sisi hapa tunamhesabu kama Kadhi mwenyewe.

Sasa, Mheshimiwa, kwa idhini yako, tuingie katika lililotuleta.

Mnamo Oktoba 1963, bendera ya Sultani ikiwa bado inapepea Fort Jesus, Mzee Jomo Kenyatta, wakati huo Waziri Mkuu, alibadilishana barua na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, kuhusu Mwambao, ule ukanda wa maili 10 ambao Waingereza waliutawala kwa niaba ya Sultani tangu mkataba wa 1895. Katika barua hizo Waislamu wa Pwani waliahidiwa uhuru wa kuabudu, kubakishwa kwa mahakama za Kadhi, kutambuliwa kwa hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa, na maofisa tawala Waislamu katika sehemu zenye Waislamu wengi. Wakaahidiwa pia kwamba watoto wao watafundishwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na kwa ajili hiyo ruzuku za shule za msingi za Kiislamu zilizokuwapo Pwani zitaendelea.

Aliyeandikiwa barua hakukaa. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, sisi tarehe 12, na ilipofika tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Shamte ilikwisha kupinduliwa. Basi aliyeahidi akabaki peke yake, na wa kumdai tukawa sisi, raia wake.

Haki isemwe. Ahadi ya Kadhi imetimizwa. Ilitiwa katika Katiba ya uhuru, ikatungiwa sheria mwaka 1967, na Katiba ya 2010 ikaithibitisha katika Kifungu cha 170, ingawa maneno yalikuwa mengi kabla ya kura ya maoni ya Agosti mwaka ule. Ya Kiarabu haikupata bahati hiyo, ikabaki kwenye barua. Na mwaka 1966 ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojengwa kwa michango ya Waislamu pamoja na fedha za serikali ya kikoloni, ikabadilishwa jina. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo tunajivunia, na jina hatulidai.

Tunalodai ni mwalimu. Kwa miaka mingi, Mheshimiwa, Kiarabu na somo la Dini hapa vimebebwa na ustadhi mmoja ambaye hayumo katika orodha ya mishahara ya mtu yeyote. Humlipa wazazi, kwa mkebe unaopitishwa Ijumaa. Mwezi ukiwa mgumu mkebe hurudi mwepesi, na ustadhi huaga saa nne asubuhi akaenda kuuza dukani Marikiti, maana naye ana watoto. Darasa la sita hubaki na mwenzao mmoja akiwaandikia ubaoni herufi walizozijua tangu darasa la kwanza. Somo lenyewe hutahiniwa kidato cha nne, lakini watoto wetu wakifika huko hulikimbia. Hawa ni wajukuu wa watu walioandikiana barua na tenzi za Kiswahili kwa herufi hizo hizo.

Tulikwenda ofisi moja, tukaambiwa shule haina upungufu, kwa kuwa hesabu ya walimu imelingana na hesabu ya madarasa. Tukaenda ya pili, tukaambiwa turudi ile ya kwanza.

Wageni wa heshima nao hatukuwakosa. Mmoja aliandika ombi letu nyuma ya karatasi ya ratiba, na karatasi tuliikuta kitini alipoondoka. Wa pili alitupa nambari ya simu. Ukiipiga, mteja hapatikani. Wa tatu tulimwomba mwalimu, akatuletea mipira. Tunamshukuru kwa dhati. Mipira ilipasuka muhula huo huo.

Tusifahamike vibaya. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, na hatuombi iwepo. Mwalimu tunayemwomba tutamkaribisha hata akiwa wa dini gani, maadamu Kiarabu anakijua na mshahara wake hautoki mkebeni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba utufuatilie nafasi moja ya mwalimu wa Kiarabu katika Tume ya Kuajiri Walimu. Hadi atakapofika, ustadhi wetu atafutiwe posho kutoka mfuko wowote ulio chini ya mkono wako. Ombi hili tumelinakili katika kitabu cha wageni, na chini yake tumeacha nafasi ya saini yako, tarehe ya leo, na tarehe ambayo tuje kukuona. Mwalimu Mkuu anakuletea kalamu. Pilau na halwa ziko tayari, na zitapakuliwa mara tu baada ya saini.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi,
Kamati ya Wazazi