Mstari wa penseli

Makorora, Tanga

Shoga yangu Tatu,

Assalamu alaykum. Sisi wazima. Mama naye mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua mvua zikianza. Bi Mwantumu kaolewa tena, ya huko utasimuliwa na wengine. Najua nimekaa kimya tangu Idi na mzigo wako ulishafika zamani, kwa hiyo nisikuzungushe: kitabu nimekimaliza. Nimekisoma mara mbili. Na kuna jambo lazima nikuulize, linaninyima usingizi, lakini acha kwanza nikusimulie.

Ulisema ni riwaya ya mapenzi. Nikatazama jalada, kijana kifua wazi kashika gongo, nikakificha chini ya khanga mama asikione. Kurasa 50 za mwanzo nilitaka kukiacha. Mpira wa magongo wa kwenye barafu mimi nitaujulia wapi? Mpaka mwanafunzi wangu mmoja aliponionyesha video kwenye simu ndipo nikaelewa: watu sita kila upande pamoja na golikipa, vipindi vitatu vya dakika 20, na mchezaji hakai ndani hata dakika moja, anatoka anaingia mwenzake, maana mbio zile zinakata pumzi. Kile kisahani cheusi cha mpira wanachokipiga kwa magongo wanakigandisha kwanza kisije kikadundadunda. Na mkorofi anafungiwa kibandani dakika mbili, timu yake icheze pungufu! Hicho kibanda kingekuwepo uwanjani Mkwakwani siku timu zetu, Coastal na African Sports, zinapokutana, kingejaa mpaka mlangoni.

Mji wa kwenye kitabu ni wa kubuni, ila nimeambiwa huko huko Minnesota kwako, Marekani, kuna mji unaitwa Warroad, mpakani na Kanada, watu hawafiki 2,000. Mwaka 1960 ndugu wawili wa hapo, Bill na Roger Christian, walirudi na dhahabu ya Olimpiki, na mwaka 1980 Dave, mtoto wa Bill, akaileta ya kwake. Mji mdogo vile! Basi nikaacha kushangaa kwa nini mle kitabuni hata muuza mikate anajua kijana yule alifunga mangapi akiwa shule. Marehemu baba si alikuwa hivyo hivyo na ubingwa wa Coastal wa 1988? Aliusimulia kama wa jana, na wewe ulikuwa unakaa pale mkekani unamsikiliza wakati sisi tumeshachoka.

Sasa nije kwenye lenyewe. Yule kijana anarudi kwao na goti bovu. Miaka 11 nyuma aliondoka bila kumuaga yule binti, na binti ndiye sasa anaendesha ile gari ya kulainisha barafu, kazi aliyoachiwa na baba yake. Usiku mmoja anafungua ukumbi, anawasha taa zote, anamwacha kijana apite peke yake juu ya barafu na goti lake lile, yeye anakaa kule juu kwenye viti. Hamwambii neno. Hamsaidii kusimama anapoanguka. Anamngoja tu.

Tatu, ukurasa ule una mstari wa penseli pembeni, kuanzia juu mpaka chini.

Nilifika hapo umeme umekatika, nasoma kwa taa, na kaka Omari amelala kwenye jamvi kageukia ukutani kama kawaida yake. Hujui hali yake ilivyo, sijawahi kukuandikia yote. Tangu kano ya goti ikatike, timu aliyokuwa akiichezea huko Dar walimpigia simu mwezi wa kwanza, wa pili wakatuma salamu, wa tatu hakuna aliyepokea. Upasuaji tulichangishana sisi wenyewe. Hapa mtaani waliokuwa wakimbeba mabegani wanapita barazani wanamsalimia mama tu. Miaka miwili hajagusa mpira, hajaenda kuangalia mechi, hata redio ikitangaza mpira anaizima.

Sijui nini kilinituma, nikaanza kumsomea. Naigeuza Kiswahili hapo hapo, nakwama, naendelea. Nilidhani kalala. Nilipofika binti anapowasha taa, akauliza, "Na goti lake lilipona?"

Nikamwambia lilipona. Na hapo mwandishi kaniudhi sana, nakwambia ukweli. Sura tatu tu goti limepona na kijana anafunga bao! Sisi daktari alituambia miezi tisa baada ya kupasuliwa, na hiyo ni kwa mwenye mazoezi na lishe na moyo. Mtu anayeandika habari za goti angeenda kwanza kumuuliza mwenye goti. Omari hakukasirika lakini. Akakaa kimya, kisha akauliza kitabu nimekitoa wapi. Nikamwambia.

Asubuhi nikakikuta kwake, chini ya mto. Kiingereza chenyewe unajua hakimpandi. Alikuwa amekifungua pale pale kwenye penseli.

Na Jumamosi ilipofika akavaa viatu akatoka. Mama akaniambia mfuate, nikakataa. Kumbe alikwenda kwenye kile kiwanja cha watoto nyuma ya shule, akakaa chini ya mwembe mpaka magharibi akiwatazama wanavyocheza. Aliporudi akasema yule mtoto wa Mzee Kibwana ana mguu mzuri wa kushoto ila hajui kukaba. Hilo tu. Mama aliingia jikoni akalia.

Ndiyo maana nauliza, na unijibu kama tulivyokuwa tukijibiana darasani, bila kuficha. Penseli ile ni yako, au kitabu ulikinunua kimeshatumika? Kama ni yako, ulimkusudia nani, mimi au yeye? Yule kijana aliondoka bila kuaga, lakini kwenu nyinyi aliyeondoka ni wewe, sasa nani amngoje nani? Ile nyumba ya wazee bado wanakupanga zamu za usiku? Desemba unakuja kweli au ni kama mwaka jana? Na Machi, shule za huko zinapokuja kushindana mpira huo wa barafu hapo Saint Paul, huwezi kwenda siku moja ukaniambia kama ni kweli mji mzima unafunga maduka kufuata watoto wake?

Omari hajanituma salamu. Ila nilipomwambia nakuandikia hakunikataza, na amenipisha mezani penye mwanga.

Wako,
Rukia