Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii: Pensheni ya baba imemkosesha mama

Mheshimiwa Waziri,

Salamu za heshima kutoka Kisauni, Mombasa. Barua yangu ya awali nadhani bado iko kwenye foleni huko Nairobi, kwa hivyo hii naiandika hadharani isije nayo ikapotea.

Juzi majina ya watakaoingizwa katika Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa pesa kila mwezi wazee na walemavu wasiojiweza, yalibandikwa mtaani kwetu. La mama yangu halikuwamo. Nilipouliza, kijana mmoja alifungua laptopu yake, akatazama, akaniambia bila ubaya wowote: "Nyinyi mna pensheni." Kisha akamwita wa nyuma yangu.

Sasa naomba nikueleze hiyo pensheni. Baba yangu ana miaka 73. Alikuwa karani wa ngazi ya chini, akastaafu, na kila mwezi huletewa shilingi 6,200. Ndizo hizo. Mama ana miaka 66. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wote, hasemi, hajigeuzi kitandani, hali mpaka alishwe. Pakiti ya pampas za watu wazima, zile kumi, hapa kwetu ni shilingi 900. Tukibana sana tunatumia mbili kwa siku, na mchana tunamfungia leso kuukuu. Mbili kwa siku ni sitini kwa mwezi, yaani shilingi 5,400. Toa hizo kwenye pensheni, zinabaki 800. Hapo sijataja dawa za presha, sijataja maji ya mkokoteni ya kufulia hizo leso, wala hatujala.

Huo ndio utajiri uliomzuia mama yangu.

Wizara yako yenyewe imesema kwamba mlemavu anayelengwa ni yule anayehitaji mtu wa kumhudumia saa zote 24. Mtu huyo ni mimi. Kila baada ya saa mbili namgeuza, usiku na mchana, maana nikipitiwa na usingizi mgongo unachubuka na vidonda vya kulala ukishavipata huviondoi kwa maombi. Nilikuwa fundi wa kushona, nina wateja wangu. Cherehani niliiuza mwaka jana. Siku hizi nakaanga mahamri kabla ya alfajiri, jirani ananiuzia pamoja na mbaazi zake, nami narudi kwa mama. Mtathmini alipokuja na fomu yake aliuliza kama kuna shughuli yoyote ya kuleta pesa. Nikamwambia mahamri. Akaandika: biashara.

Akauliza na paa. Mabati. Mabati yale baba aliyanunua kwa pesa za mkupuo alipostaafu, mama akiwa mzima anatembea mpaka Kongowea sokoni. Sijui yalivyokadiriwa huko kwenye mashine zenu, lakini mama hali mabati. Tena maswali ya aina hiyo hiyo, ya paa na ukuta na choo, ndiyo yanayotumika tangu Oktoba 2024 kukadiria mchango wa SHA, ile bima ya afya ya Serikali, kwa sisi tusio na mshahara. Paa moja, tumekuwa matajiri mara mbili.

Kuhusu baba sijalalamika. Mpango wa wazee wa miaka 70 na zaidi, tangu ulipoanza 2018, ulisema wazi kwamba ni wa wasio na pensheni, na yeye anayo, basi. Alikunja kitambulisho chake akarudi nyumbani. Kinachonishinda kuelewa ni kwa nini pensheni hiyo hiyo, iliyokwisha kumkosesha yeye, imemkosesha na mkewe. Mama hajawahi kulipwa pensheni na mtu yeyote. Alilea, alipika, aliuza samaki. Akifikisha miaka 70, kama Mungu atamfikisha, nitaambiwa nini?

Mimi si mtu wa bajeti. Lakini nina dhana yangu, na ukiona nimekosea nisahihishe. Sidhani kuna mtu aliyekaa mezani akaamini kwamba shilingi elfu sita zinatosha kumtunza mgonjwa wa kitandani. Nadhani pesa zilikuwa kidogo na watu wengi, pakatafutwa njia ya kupunguza watu, na pensheni ikapatikana kwa sababu ina karatasi. Mwenye vyumba vya kupangisha visivyo na karatasi haonekani. Mwenye mtoto Ughaibuni anayemtumia pesa haonekani. Anaonekana karani mstaafu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu nchini. Najua hamwezi kuwalipa wote. Hilo nalielewa kabisa. Ila kama ni lazima mtu aachwe nje, aachwe baada ya kuhesabiwa anachotumia, si kinachoingia peke yake.

Nimesoma Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 43 kinasema Serikali itampa hifadhi ya jamii mtu asiyeweza kujikimu yeye na wanaomtegemea. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kutunzwa na kusaidiwa na familia zao na Serikali. Na Serikali, Mheshimiwa. Upande wa familia uko hapa kitandani, njoo uukague saa yoyote. Upande wa pili ndio tunaoutafuta.

Ng'ambo hapo tu, Unguja na Pemba, tangu Aprili 2016 mzee akifika miaka 70 hupewa pensheni jamii, awe alikuwa mvuvi au alikuwa mkurugenzi. Hawamchungulii paa. Sisemi kule ni peponi, wala pesa zenyewe si nyingi. Nasema tu kwamba jambo linawezekana, na ni watu wanaotuzidi utajiri? Sidhani.

Na tunagombania nini hasa? Shilingi 2,000 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi, na ambacho mara nyingi huja kikiwa kimechelewa. Hazifiki hata nusu ya hizo pampas. Mwaka 2022 tuliahidiwa serikali ya mahasla, yaani wahangaikaji wa kila siku, na mama mboga. Mimi na karai langu la mahamri nilidhani nimo. Huenda nilitakiwa kuuza mboga.

Ombi langu ni hili. Ondoeni sharti la pensheni na kipato kwa nyumba yenye mtu wa kuhudumiwa usiku na mchana. Liondoeni. Mkishindwa kuliondoa, basi toeni kwanza gharama za kumtunza mgonjwa, halafu ndipo mseme kilichobaki ni kingi au ni kidogo. Mkishindwa na hilo, wekeni kiwango, tujue pensheni ya shilingi ngapi ndiyo inayomfanya mtu ajiweze, maana kwa sasa mstaafu wa shilingi 6,000 na mstaafu wa shilingi 160,000 wanafungiwa mlango kwa ufunguo mmoja.

Na kama yote hayo yanahitaji kamati, na kamati inahitaji bajeti, na bajeti inangoja Bunge, basi naomba hili dogo lisilohitaji hata senti. Nipeni jibu la kukataliwa kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinanipa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi, na karatasi hiyo ndiyo nitakayoanza nayo kukata rufaa. Jina la mama, nambari ya kitambulisho chake na hali ya paa letu mnavyo tayari, kila mtathmini anayekuja huviandika upya.

Wako kwa heshima,
Binti na mlezi wa mgonjwa,
Kisauni, Mombasa