Bushi yako haina kosa: kwa nini shingo za maganda hazibani sawa

Mteja wetu mmoja, kaka wa Tanga anayeishi hapa Texas na kushindana shabaha ya yadi 1,000, alituletea kwenye ndoo ya aiskrimu maganda 200 ya risasi za .308 Winchester, yaliyokwisha kupigwa na ambayo huyajaza upya. Mfukoni alikuwa na bushi tatu mpya, zile pete za kwenye presi zinazobana shingo ya ganda, yaani sehemu ya juu inayoshika kichwa cha risasi. "Fundi, nimebadilisha bushi mpaka nimechoka," akasema. "Kichwa kimoja kinaingia kama kisu kwenye papai, kinachofuata nakandamiza mkono wa presi mpaka meza inalia."

Tukachomoa maganda kumi bila kuchagua, tukayapitisha yote kwenye bushi moja ya inchi 0.334, kisha tukapima shingo kwa nje kwa maikromita. Mengine yalitoka 0.334 kamili, mengine 0.335. Bushi ni ileile, mkono ni uleule. Tukamuuliza kila ganda limeshapigwa mara ngapi. Akacheka. Ndani ya ile ndoo yalikuwamo yaliyopigwa mara mbili na yaliyopigwa mara tisa, yote pamoja kama njugu sokoni.

Tatizo lilikuwa hapo, na wengi wanaotuletea maganda wanalo hilohilo. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha inchi 0.308, karibu milimita 7.82. Shingo hubanwa iwe nyembamba kidogo kuliko hapo, tuseme 0.306 kwa ndani, na kichwa kikiingia huisukuma nayo ikikishika. Watu huhesabu hizo 0.002 tu, wakadhani ndiyo nguvu ya kubana. Sivyo. Shingo mbili zenye kipimo kimoja zinaweza kushika tofauti kabisa kama moja ni laini na nyingine imekomaa.

Maganda ni shaba njano: shaba asilimia 70, zinki asilimia 30. Kama uliwahi kutengeneza gari la waya utotoni unajua inavyokuwa: unaukunja waya mara ya kwanza unatii, mara ya tano unakuwa mgumu, mara ya kumi unakatika. Shingo ya ganda hutanuka kila risasi inapolia, halafu wewe unaibana tena kwenye presi. Ikishakuwa ngumu, ukiibana inaruka nyuma kidogo. Hiyo ndiyo 0.335 tuliyoiona. Ukiendelea kuilazimisha hupasuka mdomoni.

Dawa yake ni kuilainisha kwa moto, na si jambo la jana. Karne ya 19, jeshi la Uingereza huko India lilikuwa likiweka risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za monsuni, na maganda yakapasuka yenyewe bila kupigwa. Baadaye ikajulikana kwamba mkazo uliobaki ndani ya shaba njano, ambao kulainisha kwa moto huuondoa, ulikutana na amonia ya mkojo wa farasi. (Ndiyo maana hapa kwetu dawa za kung'arishia zenye amonia hazigusi ganda, hata kama zinang'arisha vizuri.)

Sisi tunang'oa fataki (kiwashio cha kitakoni) kwanza, tunaosha, tunapanga kwa idadi ya mapigo, kisha ganda linaingia kwenye mashine ya kupashia kwa sumaku-umeme kwa sekunde chache tu. Shingo na bega ndivyo vinavyopashwa. Kitako hakiguswi na joto, maana ndicho kinachozuia shinikizo la baruti. Kikilainika, gesi inaweza kurudi usoni kwa mpigaji. Kila aina ya ganda tunaitolea moja au mawili ya kuchezea, tunayapaka rangi inayoyeyuka kwenye joto linalojulikana, ndipo tunapanga muda. Wale wanaongoja shingo iwake nyekundu kama kaa la mkaa wanaipitisha kiasi, na shingo iliyolegea mno haishiki tena.

Halafu kuna suala la usafi. Ukisugua maganda kwa maji na pini za chuma cha pua yanameta kama pete, lakini umeondoa pia masizi ya ndani ya shingo yaliyokuwa yakifanya kazi ya kilainishi. Shaba tupu inang'ang'ania kichwa. Sisi tunarudisha unga kidogo wa grafiti, tunamalizia kwa mandreli, kijiti cha chuma kinachopitishwa ndani ya shingo, ili kipimo cha ndani kiwe kimoja.

Haya yote kwa sababu ya nini? Kwenye F-Class, mashindano ya shabaha ya mbali yanayobeba herufi ya Mkanada George Farquharson, duara la X, lile la katikati kabisa, kwa yadi 1,000 lina upana wa inchi 5. Upepo unakupeleka kushoto na kulia; shingo zisizobana sawa huleta kasi isiyolingana, nayo inakupeleka juu na chini, na hiyo huwezi kumsingizia upepo.

Ukituletea kazi, lete maganda matupu, yaliyokwisha kutengwa kwa mapigo na kwa kiwanda, kila mfuko na karatasi yake. Ndoo ya mchanganyiko tutakurudishia. Hatujazi risasi kwa ajili ya mteja. Kwa hapa Marekani, kujaza risasi za kuuza kunahitaji leseni ya serikali kuu ambayo hatuna. Na mliopo nyumbani, Kenya au Tanzania, msijaribu bila leseni, sheria huko ni nyingine.

Kaka wa Tanga alirudi na mifuko minne. Zile bushi mbili za ziada bado ziko kwenye droo yetu.